Dawa za Ukoo Mmoja

Sisi vijana tunaojaribu kuandika tunaupenda mno moyo. Fungua daftari la mshairi chipukizi yeyote, awe wa Majengo hapa Moshi au wa Kariakoo, utaukuta moyo umejaa kurasa zote: umeibwa, umechomwa, umepasuka vipande, umegeuka jiwe. Kiswahili chenyewe kinatutia ari. Mtu hupiga moyo konde, huvunjika moyo, hufa moyo, na kesho yake akapanda daladala kwenda kazini kama kawaida. Lakini hebu muulize mshairi huyo kuhusu ule moyo wa nyama ulioko kifuani kwake: nani anauamuru upige? Atakukodolea macho kana kwamba umemuuliza bei ya ndege.

Mimi nimelazimika kujua. Nyumbani kwetu Kirua Vunjo, ukiiacha lami pale Uchira ukaanza kukwea, tunao wagonjwa wawili wa moyo chini ya paa moja, na mimi ndiye ninayesoma zile karatasi za ndani ya boksi la dawa. Unazijua bila shaka: zimekunjwa mara nane, herufi kama vichwa vya sisimizi, Kiingereza kitupu. Kwetu kazi hiyo hupewa aliyesoma kuliko wengine, na kwa sasa aliyesoma kuliko wengine ni mimi.

Mgonjwa wa kwanza ni Bibi. Amevuka miaka sabini, presha yake ni ya juu, na kila asubuhi anameza kidonge kimoja cha amlodipini. Ukimuuliza anaumwa nini atakwambia haumwi chochote, ila daktari ndiye anayesema anaumwa. Si yeye peke yake mwenye hali hiyo mlimani huku. Jirani zetu wa Hai, upande wa magharibi wa Moshi, walipimwa na watafiti mwaka 2009 na 2010, wale wazee wa miaka 70 na zaidi. Katika kila wazee kumi, kama saba walikutwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari.

Mgonjwa wa pili ni mdogo wangu wa kike. Jina lake silitaji maana gazeti hili analisoma. Yeye moyo wake huwa mzima kabisa, kisha ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi, unaanza kwenda mbio. Hakimbii, haogopi kitu, hajapendwa wala hajaachwa. Anaweza kuwa anachambua maharage. Mishipa ya shingo inaruka, macho yanamzunguka, mikono inakuwa baridi. Dakika ishirini, pengine saa nzima, halafu swichi inazimwa ghafla vilevile na anabaki amechoka kama aliyetoka kulima.

Shuleni alikokuwa walisema ni mapepo. Alianguka mstarini asubuhi, wenzake wakapiga kelele, akaja mtu wa maombi, na baada ya saa moja pepo likatoka. Naam, lilitoka, kwa sababu ugonjwa huo una tabia ya kutoka wenyewe! Likarudi baada ya wiki tatu. Likarudi tena. Akaandikiwa barua ya kukaa nyumbani mpaka apone. Kila akipelekwa hospitali alifika moyo umeshatulia, akapimwa, akaambiwa ni mzima, labda ana mawazo. Ilichukua miaka miwili mpaka siku moja alipokamatwa akiwa mezani kwa daktari, nyaya zikiwa kifuani. Karatasi ikaonyesha mapigo 190 kwa dakika, yamepangana sawasawa kama meno ya kitana. Daktari akasema: huu ni umeme wa moyo unaozunguka njia isiyo yake. Akamwandikia verapamili.

Basi sasa sikia jambo lililonifanya niandike haya.

Kuna mwezi verapamili iliisha. Maduka ya dawa tuliyoyauliza hayakuwa nayo, na lile lililokuwa nayo lilitaka fedha ambayo kwetu ingetoka ndizi zikishauzwa Jumamosi. Siku ya nne jioni swichi ikabonyezwa. Mdogo wangu kakaa kwenye kigoda, kashika kifua. Bibi akainuka, akaingia chumbani, akatoka na boksi lake la amlodipini.

"Mpe hii."

"Bibi, hiyo ni yako ya presha."

"Ni ya moyo. Na ile yake ni ya moyo. Wewe mwenyewe baba ulinisomea hapa hapa, ukasema zote mbili zimeandikwa jina moja. Kizuizi cha nini ile?"

"Cha kalsiamu."

"Haya! Ukoo mmoja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mpe mtoto."

Ndugu msomaji, hapo ndipo utakapoona ubaya wa kusoma nusu. Bibi alikuwa na haki. Ni kweli nilimsomea, na ni kweli karatasi zote mbili zinasema dawa hizo ni vizuizi vya milango ya kalsiamu. Kwa akili ya kawaida, mwenye ukoo mmoja anaweza kushika nafasi ya mwenzake. Hata msibani tunafanya hivyo. Nikampigia simu daktari aliyemtibu. Akajibu maneno machache: asipewe, haitamtuliza, inaweza hata kuuongezea moyo mbio. Fanyeni kile nilichowafundisha, na isipotulia mleteni.

Alichotufundisha nitakieleza baadaye. Kwanza nieleze kwa nini ndugu wa ukoo mmoja hawakuweza kusaidiana, maana Bibi aliniuliza swali hilo kwa wiki mbili, na Bibi hakubali jibu la "daktari kasema".

Tuanze na kalsiamu yenyewe. Mwaka 1882 mganga mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akichunguza mioyo ya vyura. Aliitoa kifuani akaiweka kwenye maji ya chumvi, na ajabu ikaendelea kupiga kwa saa nyingi. Akaandika kwamba chumvi ya kawaida inatosha kuuendesha moyo. Baadaye akagundua kwamba msaidizi wake hakutumia maji yaliyotoneshwa kwa mvuke. Alikinga tu ya bomba. Ringer akarudia kazi kwa maji safi kabisa, na mioyo ikafa upesi. Akatia kalsiamu kidogo, ikafufuka. Mwaka 1883 akachapisha masahihisho. Kumbe maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu iliyotoka ardhini.

Na maji hayo yalifikaje London? Hapa mtu wa Kirua lazima acheke. Yalikuja kwa mfongo! Kampuni iliyoyaleta iliitwa New River, na huo mto mpya si mto, ni mfereji uliochimbwa na watu ukafunguliwa mwaka 1613, ukayatoa maji kwenye chemchemi za Hertfordshire, ukizunguka miinuko kwa zaidi ya kilomita 60 ili maji yateremke taratibu. Wachagga wamechimba mifongo ya namna hiyo tangu zamani, na wageni wa karne ya 19 walipoiona walishangaa. Siri ya moyo ilijulikana kwa sababu ya maji ya mfongo. Nilipomwambia Bibi habari hii akasema, "Mbona unanieleza kama jambo geni?"

Basi nikaushika mfongo huohuo nieleze mengine.

Kila chembe ya moyo ina ukuta, na ukutani mna milango midogo sana. Nje ya ukuta kalsiamu ni nyingi, kama mara elfu kumi kuliko ya ndani. Umeme wa moyo ukipita, milango inafunguka, kalsiamu kidogo inaingia. Hiyo kidogo huenda ikafungua ghala kubwa la kalsiamu lililomo ndani ya chembe, na hapo ndipo nyama inajikaza, damu inasukumwa. Kisha kalsiamu inarudishwa ghalani na nje, nyama inalegea, na mchezo unaanza upya. Fanya hivyo mara laki moja kwa siku, Jumapili bila mapumziko.

Lakini kalsiamu ina kazi ya pili. Juu kulia moyoni kipo kinundu kinachotoa amri ya kila pigo. Waliokiona kwanza ni Waingereza wawili, Keith na Flack, mwaka 1907, katika moyo wa fuko. Katikati, kati ya vyumba vya juu na vya chini, kipo kinundu kingine, alichokieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906 akiwa Ujerumani. Hiki cha pili ni kama mlinzi wa geti: amri ikitoka juu anaishika kidogo, sehemu ndogo ya sekunde, ndipo anaipitisha chini, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla vya chini havijajikaza. Sehemu nyingine za moyo hupitisha umeme kwa sodiamu, haraka kama umeme wa radi. Vinundu hivi viwili vinategemea kalsiamu, na ndiyo maana mwendo wao ni wa pole.

Sasa ugonjwa wa mdogo wangu ni huu: kwake, kandokando ya mlinzi huyo, kuna njia ya ziada. Siku nyingine umeme unateremka njia moja, unapanda kwa nyingine, unarudi palepale na kuanza tena, duara lisilo mwisho. Kila mzunguko ni pigo. Ukitaka kulivunja duara, huhitaji kuusimamisha moyo. Mcheleweshe mlinzi mara moja tu, umeme ukute geti limefungwa, duara likatike. Hiyo ndiyo kazi ya verapamili. Inaingia kwenye mlango wa kalsiamu wakati mlango uko wazi, kwa hiyo mlango unaofunguliwa mara nyingi zaidi ndio unaoshikwa zaidi. Moyo ukienda mbio, dawa inauma zaidi. Akili iliyoje!

Amlodipini nayo inashika milango ileile ya kalsiamu, ila kwa tabia nyingine. Yeye anaipendelea ile iliyoko kwenye kuta za mishipa ya damu. Mishipa inalegea, inapanuka, presha inashuka. Vinundu vya moyo, kwa kipimo cha kawaida, karibu havigusi. Na kwa kuwa presha inaposhuka haraka mwili hushtuka na kuuhimiza moyo ukimbie, ndugu wengine wa tawi hilo, hasa nifedipini ile inayofanya kazi upesi, huweza kuleta mbio wakati wewe unatafuta utulivu. Zamani ilikuwa kawaida mgonjwa wa presha kuwekewa nifedipini chini ya ulimi ili ishuke chapuchapu. Mwaka 1996 madaktari waliandika wazi katika jarida kubwa la Marekani kwamba desturi hiyo iachwe, kwa sababu presha iliporomoka mno na wengine wakapata kiharusi au shambulio la moyo.

Nilimweleza Bibi hivi: mfongo mmoja, malango mawili. Lango la juu linagawa maji kwa zamu. Huyo ni verapamili. Lango la chini linapanua mifereji ya mashambani maji yasifurike. Huyo ni amlodipini. Nikasema dawa zinaziba malango.

Bibi akanikatiza. "Anayeziba mfongo anapigwa faini. Hazizibi hizo. Zinapunguza lango. Ukiziba, wa chini wanakufa na kiu."

Tangu siku hiyo neno "kizuizi" silipendi. Bibi alikuwa amesema sawa kuliko karatasi. Milango ikizibwa yote moyo unasimama, kama wale vyura wa Ringer. Na ndivyo inavyotokea mtu akizidisha verapamili, au akiichanganya bila daktari na dawa kama propranololi au atenololi, ambazo nazo zinampunguza kasi mlinzi yuleyule kwa njia nyingine. Walinzi wawili wa kumshika mlinzi mmoja! Geti linaweza lisifunguke tena. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu muuzaji wa duka moja akimshauri mtu aongeze propranololi "mbili mbili tu, zitulize moyo", bila hata kumuuliza anameza nini kingine.

Aliyetambua kwanza kwamba kuna dawa za namna hii ni Mjerumani Albrecht Fleckenstein, mjini Freiburg, miaka ya 1960. Alipewa dawa mbili azichunguze, mojawapo ikiwa verapamili, akaona nyama ya moyo inalegea vilevile kana kwamba imenyimwa kalsiamu. Akaongeza kalsiamu, nguvu ikarudi. Muda si mrefu baadaye, kule Oxford, Vaughan Williams akazipanga dawa za kurekebisha mapigo katika makundi manne: za sodiamu, za kupunguza ushawishi wa adrenalini, za potasiamu, na za kalsiamu. Verapamili ndiyo iliyosababisha kundi la nne liwepo.

Tusidhani lakini kwamba Wazungu walitoa haya yote mifukoni mwao. Kundi la kwanza lina babu yake katika kwinini, ile ile chungu ambayo wazee wetu wameimeza kwa malaria na ambayo Wajerumani walipanda miti yake kule Amani, Usambara. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea Profesa Wenckebach akamwambia: moyo wangu hupiga ovyo, lakini mimi huutuliza mwenyewe kwa kwinini. Profesa hakuamini. Kesho yake mtu yule akarudi, mapigo yamenyooka! Habari hiyo ikaandikwa mwaka 1914, na mwaka 1918 Mjerumani Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu pacha wa kwinini, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mgonjwa alimfundisha daktari.

Na ziko sumu za mishale. John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar wakati Sultani Barghash anatia sahihi ya kufunga soko la watumwa mwaka 1873, kabla ya hapo alizunguka na Livingstone huko Zambezi. Alibeba sumu ya mishale iitwayo kombe mfuko mmoja na mswaki wake. Akapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni, na alipojipima akakuta mapigo yake yamepungua kasi. Sumu ile ikapelekwa Edinburgh, ikachunguzwa, ikatoka dawa ya moyo. Vivyo hivyo msunguti, mti wa sumu ya mishale ya Afrika Mashariki: mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa ndani yake dawa iliyopewa jina kutokana na neno la Kisomali, waabaayo. Wawindaji wetu walijua tangu zamani kinachosimamisha moyo. Kipimo ndicho kilichobaki kujulikana, na baina ya dawa na sumu hakuna kingine zaidi ya kipimo.

Kama unaona natia chumvi, sikiliza ya Marekani. Miaka ya 1980 madaktari walikuwa na uhakika kwamba mtu aliyenusurika shambulio la moyo, akiwa na mapigo ya kurukaruka, anyamazishiwe mapigo hayo ili asife ghafla. Zikatolewa dawa mbili za kundi la sodiamu, enkainaidi na flekainaidi. Zilinyamazisha mapigo vizuri sana, karatasi ya kipimo ikapendeza. Kisha wakafanya jaribio la haki: nusu wapewe dawa, nusu wapewe kidonge kitupu, bila kujua nani kapewa nini. Mwaka 1989 jaribio likasimamishwa kwa dawa hizo. Hesabu ilipochapishwa mwaka 1991, waliopewa dawa walikuwa 755 na waliokufa 63; waliopewa kidonge kitupu walikuwa 743 na waliokufa 26. Karatasi nzuri, jeneza zaidi ya mara mbili. Tangu hapo hakuna daktari makini anayetibu karatasi akamsahau mwenye moyo.

Hata dawa nzuri ina deni lake. Amiodaroni ni hodari kweli, lakini imejaa madini joto. Huweza kuvuruga tezi la shingo, kudhuru mapafu, na hubaki mwilini wiki na miezi baada ya kuachwa. Verapamili humfanya mdogo wangu akose choo, kwa hiyo anakula papai kwa amri. Amlodipini inamvimbisha Bibi vifundo vya miguu. Yeye alikuwa na hakika kwamba kuna mtu kamwekea kitu njiani, na alishamtaja mtu mwenyewe! Niliposoma kwenye karatasi kwamba kuvimba miguu ni tabia ya dawa hiyo, na daktari akathibitisha, jirani yetu mmoja alisamehewa dhambi ambayo hakuifanya. Akapelekewa na mbege. Jamani, mnaona kazi ya tafsiri?

Na balungi. Mwaka 1991 watafiti wa Canada walionyesha kwamba juisi ya balungi huifanya felodipini, ndugu wa karibu wa amlodipini, iingie kwa wingi mno katika damu. Verapamili nayo haipatani na balungi. Nani atamwambia mama muuza matunda wa Kiboriloni habari hii, kama imeandikwa kwa Kiingereza cha sisimizi?

Sasa kile alichotufundisha daktari. Unamkalisha mgonjwa nusu kuegama, unampa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, apulize kwa nguvu mpaka kile kisukumio kisogee, kwa sekunde 15. Akimaliza unamlaza chali upesi na kumwinua miguu juu, sekunde 15 nyingine. Damu inarudi kifuani kwa kishindo, mshipa wa fahamu unamvuta mlinzi shati, geti linachelewa, duara linakatika. Uingereza walilijaribu hilo mwaka 2015: kwa namna ya zamani ya kupuliza tu, watu 17 kati ya 100 walitulia, kwa kuongeza kulazwa na kuinuliwa miguu, 43 kati ya 100. Bila kidonge, bila senti. Lakini usilijaribu kwa kubahatisha; mdogo wangu alifundishwa baada ya ugonjwa wake kujulikana kwa kipimo.

Jioni ile alipuliza mara ya kwanza, wapi. Bibi amesimama na boksi lake mkononi, ananitazama kama mtu anayemwacha mtoto afe na dawa zimo ndani. Mara ya pili nikamwinua miguu mimi upande mmoja na mama upande mwingine. Mdogo wangu akavuta pumzi, akasema, "Imezima." Bibi akakaa chini. Hakusema kitu, akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona akilia tangu msiba wa Babu.

Ziko nchi ambako leo mtu kama mdogo wangu hupitishiwa waya mwembamba mshipani mpaka moyoni, ile njia ya ziada ikachomwa, na wengi hupona moja kwa moja. Kwetu tunayo taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu mwaka 2015, na hapa Moshi KCMC imesimama tangu 1971. Siku nyumbani watakapopata nauli na gharama, tutakwenda kuuliza. Kwa sasa tunatafuta verapamili kila mwezi, na kila mwezi ni hesabu ya mikungu ya ndizi. Yeye ameanza ushonaji na anaendelea.

Kwenu waandishi wenzangu nina ombi moja. Endeleeni kuandika moyo uliovunjika, hakuna aliyewazuia. Lakini kila mtaa una bibi mwenye boksi la dawa na karatasi asiyoisoma. Chukua karatasi ile, kaa na mtu wa afya anayejua, uiandike kwa Kiswahili anachokielewa bibi huyo, kisha msomee. Akikukatiza, msikilize, maana huenda ana neno bora kuliko lako. Mimi yangu imejaza ukurasa mmoja, imebandikwa jikoni juu ya kabati la vyombo. Mstari wa kwanza unasema: dawa hii inapunguza lango, haizibi. Wa pili: usimpe mwenzio, hata kama ni wa ukoo mmoja. Wa tatu aliutaka Bibi mwenyewe, nikauandika kama alivyousema: ukijisikia mzima, meza vilevile.